Mlango Mdogo wa Injini: Je, Themostati ya Digrii za Chini Huponya Gari Linalochemka?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

 

Katika jarida letu tumezoea kusoma mashairi, vitendawili na insha za methali. Mimi mwaka huu niliomba nafasi niandike juu ya injini. Mlezi wa chama aliponiuliza sababu, nilimjibu kwamba wapo wenzetu wanaodai kuwa Kiswahili hakiwezi kufundisha mambo ya ufundi, ilhali mafundi wenyewe kule jua kali wanaelezana kila kitu kwa Kiswahili toka asubuhi hadi jioni. Mwalimu alikubali kwa sharti moja: nisiandike jambo nisilolielewa. Basi haya nitakayoandika nayaelewa, maana yalitugharimu nyumbani kwetu.

MKASA ULIVYOANZA

Baba yangu ana pikapu kuukuu ya petroli. Kazi yake ni kuchukua nyanya na vitunguu katika bonde la Subukia na kuvipandisha hadi soko la Nyahururu. Anayeijua barabara ile anaujua na mlima wake. Ni kona juu ya kona, na gari lililojaa makreti hupanda likinung'unika kama mtu aliyebebeshwa gunia la mahindi.

Mwaka jana mwezi wa Januari, wakati wa kiangazi, mshale wa geji ya joto ulianza kupanda kila baba alipofika katikati ya mlima. Alikuwa anasimama, anangoja nusu saa, anaongeza maji ya kijito kilicho kando ya barabara, kisha anaendelea. Alipomweleza fundi wake, fundi hakufikiri hata dakika moja.

"Mzee, hiyo shida ni themostati tu," akasema. "Iliyo ndani inachelewa kufunguka. Weka ya digrii za chini, injini itakaa baridi kama mtungi."

Jumamosi nikatumwa mjini Nakuru kununua. Mwenye duka la spea akaniuliza, "Kijana, unataka ya ngapi? Niko na 76, 82 na 88."

Nilibaki nimeduwaa. Sikujua hata namba hizo ni za nini. Nikajikaza kiume nikasema, "Nipe ya chini kabisa."

"Kwani kitabu cha gari kinasema ngapi?"

"Kitabu hatuna."

Akatikisa kichwa, akanipa ya 76. Nikarudi nyumbani nikijiona bingwa. Fundi alipoitoa ile ya zamani tuliona imepigwa muhuri wa 82. Akaitupa kando, mimi nikaiokota nikaitia mfukoni. Kama si kuiokota, makala haya yasingalikuwapo.

Siku ya Jumatatu gari lilichemka vilevile. Tofauti ilikuwa moja: lilichemka mbele kidogo ya pale lilipozoea, kama kilomita mbili na nusu hivi. Baba akafurahi akasema angalau imesaidia. Fundi naye akapata nguvu: "Basi kama imesaidia kidogo, tuitoe kabisa. Maji yapite bila kizuizi." Wakaitoa.

Wiki iliyofuata gari lilichemka mapema kuliko siku zote. Siku hiyo nyanya zilikuwa zimeiva sana na mnunuzi alikuwa anangoja, kwa hiyo baba akalazimisha. Kabla ya kufika juu, gasketi ya hedi ikapasuka. Pikapu ililala gereji wiki mbili. Nyanya nusu zilioza. Pesa zangu za chakula cha mchana zilichelewa, na mimi nikawa najifunza kwamba somo la alasiri ni gumu tumbo likiwa tupu. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hapo ndipo nilipompelekea mwalimu wetu wa fizikia ile themostati ya mfukoni na ile ya 76, nikamwuliza: mbona dawa iligeuka ikawa sumu?

THEMOSTATI NI KITU GANI?

Ndani ya injini petroli inawaka. Joto lingine linasukuma pistoni, lingine linatoka na moshi, na lingine linabaki katika chuma. Hilo la mwisho lisipoondolewa, chuma kitapinda. Kazi ya kuliondoa ni ya maji. Pampu huyazungusha kando ya silinda na ndani ya hedi, yanachukua joto, yanalipeleka kwenye rejeta, na upepo wa feni pamoja na mwendo wa gari unalipeperusha. Kisha maji yanarudi kuchukua mzigo mwingine. Kwa maneno mengine, maji ni hamali na joto ni shehena.

Themostati ni mlango mdogo katikati ya injini na rejeta. Ukiishika mkononi, ni kisahani cha chuma chenye springi na kichupa kidogo cha shaba katikati. Ndani ya kichupa hicho mna nta. Si nta ya mshumaa hasa, bali imechanganywa ili iyeyuke kwa joto linalojulikana. Nta ikiyeyuka hutanuka, ikasukuma kijiti, kijiti kikafungua mlango. Ikipoa hunywea, na springi hufunga mlango. Hakuna umeme wala waya. Aliyebuni chombo cha namna hii cha kutumia nta ni Sergius Vernet, huko Marekani, katika miaka ya 1930. Ziko nyingine za zamani zilizotumia kifuko cha shaba kilichokunjwakunjwa kama kodiani.

Asubuhi injini ikiwa baridi, mlango umefungwa. Maji huzunguka ndani ya injini tu kwa njia ya mkato, hayaendi kwenye rejeta. Kwa hiyo injini hupata joto upesi. Maji yakifika joto lililoandikwa kwenye themostati, mlango huanza kufunguka kidogo kidogo, na baadhi ya maji yanaenda kupozwa.

Angalia neno "huanza". Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, na mimi nilikuwa mmoja wao. Themostati ya 82 haifunguki yote kwa digrii 82. Inaanza hapo, na mlango kufunguka wote ni mpaka maji yaongezeke joto kwa digrii 10 hadi 15 hivi. Katikati ya hapo mlango unaongeza na kupunguza, ukitafuta usawa.

JARIBIO LETU MAABARA

Mwalimu aliniambia, "Usiniamini mimi. Chemsha uone." Tulichukua sufuria kuukuu, tukazifunga themostati zote mbili kwa uzi na kuzining'iniza ndani ya maji zisiguse chini, maana chini pana moto mkali kuliko maji yenyewe. Tukaweka kipimajoto, tukawasha moto mdogo, tukawa tunakoroga polepole.

Haya ndiyo tuliyoyaona:

1. Ya 76 ilianza kufunguka kipimajoto kikiwa kwenye 77. Kwenye 90 ilikuwa wazi kabisa, kiasi cha milimita 8.

2. Ya 82, ile ya zamani, ilianza kufunguka kwenye 83. Fundi alikuwa ameitupa bure, ilikuwa nzima.

3. Kwenye 94 maji yalianza kutokota, na joto likakataa kupanda tena. Wakati huo ya 82 nayo ilikuwa karibu milimita 8.

Mwenzangu mmoja akapiga kelele, "Mwalimu, kipimajoto kimeharibika, maji huchemka kwa 100!" Lakini hakikuharibika. Maji huchemka kwa digrii 100 ukiwa usawa wa bahari, kama Mombasa. Kila upandapo mita 300 hivi, huchemka kwa joto pungufu la digrii moja. Nakuru iko juu karibu mita 1,850, ndiyo maana tulipata 94. Nyahururu iko juu zaidi ya mita 2,300, na huko maji ya sufuria wazi huchemka kwa 92 hivi. Gari la baba lilikuwa linapanda mlima huku mpaka wa kuchemka ukiteremka kulilaki.

Lakini jambo kubwa la jaribio lile ni la namba 1 na namba 3. Zitazame tena. Zilipofunguka zote mbili, milango ilikuwa na upana uleule. Ya 76 haina mlango mkubwa kuliko ya 82. Ina mlango unaofunguka mapema, basi.

MFANO WA BWALO

Nitatoa mfano wa hapa shuleni. Tuseme bwalo hufunguliwa saa saba, na mpishi anayegawa githeri ni mmoja. Foleni inafika hadi uwanjani. Mkuu wa bwalo akasema, "Dawa ni kufungua mlango saa sita na nusu." Je, foleni itakwisha? Wa kwanza wachache watakula mapema. Lakini wanafunzi wote wakishafika, mlango utakuwa wazi kama ulivyokuwa jana, na mpishi ni yuleyule mmoja. Foleni itarudi uwanjani.

Katika gari, mlango ni themostati na mpishi ni rejeta. Injini ikichemka mlimani, themostati nzima ya namba yoyote ile imeshafunguka yote. Haina zaidi ya kutoa. Kinachoamua hapo ni rejeta, feni, pampu, na maji yenyewe. Kwa ufupi: namba ya themostati inaweka joto la chini la injini wakati wa kazi nyepesi, haiweki joto la juu wakati wa kazi nzito.

HESABU YA KILOMITA MBILI NA NUSU

Msomaji makini atauliza: mbona basi ile ya 76 ilisaidia kidogo? Baba hakudanganya. Lilichemka mbele zaidi kweli. Swali hili lilinikosesha usingizi hadi mwalimu aliponipa kalamu.

Kwenye tambarare, kabla ya mlima, injini ilikuwa inakaa digrii 6 chini kuliko zamani, yaani 82 kutoa 76. Kwa hiyo ilianza kupanda ikiwa na nafasi ya digrii 6 za ziada. Nafasi hiyo ni kubwa kiasi gani? Tuseme maji ni lita 8, sawa na kilo 8, na chuma cha injini ni kilo 100. Kilo moja ya maji hutaka kilojuli 4.2 kupanda digrii moja. Kilo moja ya chuma hutaka 0.45.

Maji: 8 × 4.2 × 6 = kilojuli 201.6
Chuma: 100 × 0.45 × 6 = kilojuli 270
Jumla: kilojuli 472 hivi

Sasa tuseme mlimani injini inatoa joto linalozidi uwezo wa rejeta kwa kilowati 2, yaani kilojuli 2 kila sekunde. Nafasi ile itajaa baada ya sekunde 236, kama dakika nne. Gari likipanda kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, dakika nne ni kilomita mbili na nusu na kidogo.

Lita, kilo na kilowati hizo ni za kukadiria, sikupima. Lakini hesabu inaonyesha jambo lenyewe: tulinunua dakika nne, hatukununua tiba. Baya zaidi, dakika nne zile zilitufanya tuamini kwamba tuko njia sahihi, ndiyo tukafuata hatua ya pili ya kuitoa kabisa.

KWA NINI KUITOA KULIHARIBU ZAIDI

Kuna mafundi wengi wanaotoa themostati, na ukiwauliza watakwambia, "Mimi nimetoa nyingi na magari yanatembea." Hawasemi uongo. Themostati iliyokufa ikiwa imefungwa huzuia maji kabisa, na gari huchemka. Ukiitoa hiyo, gari hupona. Lakini dawa iliyomponya jirani si lazima ikuponye wewe, kama ugonjwa si mmoja.

Tena kuna siri ya njia ya mkato niliyoitaja. Katika injini nyingi themostati ina visahani viwili. Kimoja hufungua njia ya rejeta. Kingine, upande wa pili, wakati huohuo huziba njia ya mkato. Pikapu yetu ni ya namna hiyo. Fundi alipoitoa themostati, kisahani cha pili nacho kilitoka. Njia ya mkato ikabaki wazi wakati wote, na sehemu ya maji moto ikawa inarudi injini bila hata kuionja rejeta. Maji ni kama mtoto aliyetumwa dukani: akiona njia fupi atapita hapo.

Wengine hueleza kwamba bila themostati maji hukimbia mno hata yakakosa muda wa kupoa. Nilikuwa nimeandika hivyo katika nakala ya kwanza, mwalimu akakata kwa wino mwekundu. Maji yakizunguka kwa kasi hubeba joto jingi zaidi, si kidogo. Kosa liko katika njia wanayopita, si katika kasi.

INJINI BARIDI NAYO HAINA RAHA

Sisi huogopa injini moto tu. Kumbe injini ikikaa baridi mno nayo inadhurika, ila inadhurika kimyakimya.

Kwanza, petroli haigeuki mvuke vizuri katika injini baridi, hivyo hutiwa nyingi zaidi ya inayohitajika. Katika magari ya sasa yenye kompyuta, kompyuta ikiona maji hayajapata joto hudhani ni asubuhi bado, ikaendelea kuongeza petroli safari nzima. Mfuko wa mwenye gari unavuja bila yeye kuona tundu.

Pili, petroli isiyowaka huteremka kando ya pistoni na kuingia katika oili, ikaifanya nyepesi. Oili nyepesi hailindi chuma.

Tatu, petroli ikiungua hutoa pia mvuke wa maji. Injini yenye joto hufukuza mvuke huo. Injini baridi huuacha ukageuka matone ndani ya oili. Hatimaye huwa uji mzito chini ya mfuniko wa oili, wenye rangi ya chai ya maziwa. Ukiuona uji huo tahadhari, kwani gasketi iliyopasuka nayo huutoa.

Digrii 6 peke yake hazitaua injini yako wiki hii. Nasema tu kwamba si zawadi ya bure. Ukiteremsha namba, unalipa mahali pengine.

JE, NAMBA YA CHINI HAIFAI KAMWE?

Hapana, sisemi hivyo. Haki itendeke. Ziko gari ambazo watengenezaji wenyewe waliruhusu kuchagua. Kitabu cha gari la zamani la Uingereza, MGB, kilitaja themostati tatu: ya 82 kwa hali ya kawaida, ya 88 kwa nchi za baridi, na ya 74 kwa nchi za joto. Pia gari ambalo injini yake imebadilishwa kwa ajili ya mashindano, likawa linagonga kwa sababu ya joto, huenda likanufaika na namba ya chini, mradi petroli na moto wa plagi virekebishwe pamoja.

Basi kanuni ya kuchagua ni hii:

(a) Fuata namba ya kitabu cha gari. Ukikosa kitabu, soma muhuri wa themostati iliyotoka, au uliza kwa namba ya injini. Lakini muhuri peke yake si ushahidi tosha, kwani pengine aliyekutangulia aliweka isiyofaa.

(b) Kitabu kikitoa nafasi ya kuchagua, ndipo hali ya hewa ya mahali pako ihesabiwe.

(c) Kamwe usiteremshe namba ili kuficha gari linalochemka. Tafuta kwanza kinachochemsha.

(d) Kabla ya kuifunga, ichemshe katika sufuria, hata kama ni mpya. Usitumie sufuria ya kupikia, maana dawa ya rejeta ni sumu na ina utamu unaowavuta watoto na mbwa.

(e) Ikiwa ina kitundu chenye kipini kinachochezacheza, kwa kawaida kipini hicho hukaa upande wa juu ili hewa itoke. Hewa ikinaswa, themostati hukaa katika mvuke badala ya maji.

UGONJWA WENYEWE ULIKUWA WAPI?

Baada ya gasketi kubadilishwa, mwalimu alinipa karatasi yenye orodha, nikaipeleka kwa baba na fundi. Nilimkabidhi fundi kwa mikono miwili na kumwambia, "Fundi, mwalimu wangu anaomba msaada wako tuangalie haya pamoja." Sikumwambia kwamba amekosea. Mtu mzima havuliwi nguo.

Tuliangalia ukanda wa feni: ulikuwa sawa. Hozi ya chini: haikuwa inanywea. Nje ya rejeta: wadudu na vumbi kiasi, tukapuliza. Halafu tukawasha injini hadi ikapata joto, tukazima, na fundi akapitisha kiganja mbele ya rejeta polepole, feni ikiwa imesimama. Upande mmoja ulikuwa moto. Upande wa pili, karibu theluthi moja, ulikuwa vuguvugu.

Fundi alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hii imeziba."

Tuliipeleka kwa fundi wa rejeta. Alipoifungua tuliona magamba ya kahawia kama yale ya birika la chai, yamejaa katika vijia vya maji. Hayo ndiyo maji ya kijito na ya mfereji ambayo baba alikuwa akiongeza kila safari kwa miaka. Kila alipotibu kuchemka kwa leo alikuwa anapanda mbegu ya kuchemka kwa kesho.

Halafu mfuniko wa rejeta. Watu hudhani ni kizibo tu. Kumbe una springi inayoshikilia shinikizo, na namba yake imeandikwa juu, kama 0.9. Mfuniko mzima wa 0.9 huyafanya maji yasichemke hadi yapite digrii 110, hata kule Nyahururu. Wetu ulikuwa na raba iliyochakaa na springi iliyolegea kama mpira wa soksi kuukuu. Kwa hiyo pikapu yetu ilikuwa inapanda mlima karibu kama sufuria wazi, mpaka wake ukiwa 92 na kidogo. Kwa joto hilo hata themostati ya 82 ilikuwa haijamaliza kufunguka vizuri maji yakaanza kuruka!

Rejeta ikasafishwa, mfuniko ukanunuliwa mpya, maji yakachanganywa na dawa. Themostati? Tulirudisha ile ya zamani ya 82 niliyoiokota. Toka siku hiyo mshale hupanda kidogo mlimani, husimama, kisha hushuka. Baba haongezi maji njiani tena. Kibuyu alichokuwa akibebea maji mama amekichukua, anamwagilia sukuma wiki.

Fundi bado hakubaliani nami katika yote. Juzi aliniambia, "Wewe kijana soma, lakini gari lako likikwama Subukia usiku utanitafuta." Ni kweli, nitamtafuta. Lakini nimeona siku hizi pana sufuria kuukuu kwenye kona ya gereji yake.

TAMATI

Ndugu msomaji, nilipoulizwa dukani "unataka ya ngapi?" jibu sahihi lilikuwa, "Sijui, ngoja nikaulize." Kuuliza si ujinga. Aibu ya dakika moja ingetuokolea gasketi, nyanya na wiki mbili za njaa ya mchana.

Na onyo la mwisho: usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa moto, hata kama dereva ana haraka. Maji yaliyo juu ya digrii 100 yakiachiliwa shinikizo hugeuka mvuke mara moja, yakakurukia usoni. Ngoja hadi uweze kuishika hozi ya juu bila kuondoa mkono.

MSAMIATI

Themostati: mlango wa injini unaofunguka kwa joto, waweza pia kuiita kidhibitijoto.
Rejeta: sehemu ya kupozea maji ya gari, wengine huiita rediata.
Hedi: kifuniko cha juu cha silinda za injini.
Gasketi: karatasi ngumu au bati linalozuia uvujaji kati ya vyuma viwili.
Njia ya mkato: njia ya maji kurudi injini bila kupitia rejeta.
Magamba: utando mgumu unaoachwa na chumvi za maji.
Shinikizo: nguvu ya kusukuma juu ya eneo fulani.

MASWALI

1. Themostati ya 76 na ya 82 zikiwa zimefunguka zote kabisa, ipi hupitisha maji mengi zaidi? Toa sababu.
2. Rudia hesabu ya makala kwa gari lenye lita 10 za maji na kilo 120 za chuma, ambalo rejeta yake imezidiwa kwa kilowati 4. Nafasi ya digrii 6 itadumu sekunde ngapi?
3. Eleza kwa nini kutoa themostati huponya gari moja na kuchemsha jingine.
4. Ukichemsha themostati ya 88 katika sufuria wazi mjini Nyahururu, je, utaiona ikifunguka yote? Eleza.
5. Tunga sentensi mbili kuonyesha tofauti kati ya *chemka* na *chemsha*, ukitumia mfano wa gari.